Mkeka wa Mama Kwenye Ukuta wa Ngome

Kiembe Samaki, Unguja
Mfungo Nne, Jumatatu asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaisikia kutoka huko Konde, imechanganyika na kikohozi, ndiyo maana nauliza kabla ya yote: kile kikohozi kimekwisha? Na goti la kushoto, bado linakuuma ukiinuka kwenye sala? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na tangu Ijumaa natembea mjini kama mtu aliyepewa cheo. Sababu utaijua sasa hivi.

Wewe Mwanakombo, dada yangu, najua ndiwe unayemsomea mama barua hii. Soma kwa sauti, taratibu, wala usiruke mahali ninapojilaumu. Najua utapapenda, lakini usipasome mara mbili.

Mama, barua yako ya mwisho ilinikosesha usingizi. Ulisema ulipeleka mkeka kwenye harusi ya jirani, mkeka uliousuka miezi miwili, wakauegemeza nyuma ya mlango, kisha wakatandika wa plastiki wenye picha ya tausi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Halafu ukamalizia kwa maneno haya: "Shazia nimeichomeka kwenye kuti la paa, na hapo itakaa." Niliisoma mara nne. Tangu nipate akili sijawahi kuiona sindano yako ya mikeka ikikaa bila mkono wako. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na la kukujibu. Leo ninalo.

Unajua kuwa kazi yangu ya sinema ya gari imekufa. Tulikuwa tukienda shamba hadi shamba, tunatundika shuka jeupe baina ya minazi, na watu wanakuja na watoto mgongoni. Siku hizi kila mtaa una video. Gari letu limepandishwa juu ya matofali, na mimi mwaka mzima nimekuwa nikitengeneza redio za watu, tena zile ambazo mafundi wengine wamezikataa. Nisingekuandikia shida hizi kama mambo hayakubadilika. Mwezi uliopita nikaitwa na kamati ya tamasha. Walitaka fundi wa projekta, ile mashine ya kumulika picha, ili sanaa za Unguja zionyeshwe kwenye ukuta wa nje wa Ngome Kongwe, siku tatu, baada ya sala ya Isha. Mama, ukuta wenyewe ni mrefu kuliko minazi ya kwetu. Nilikubali kabla hawajamaliza kusema.

Mkubwa wa kamati ni Bwana Mundhir, mtu wa mjini hasa, mstaarabu, kanzu yake huoni mkunjo. Picha alizichagua mwenyewe: masanduku ya shaba, mabuli ya fedha, na milango ya nakshi. Milango kumi na miwili, na katika hiyo sita ni mlango mmoja tu, wa nyumba ya babu yake, umepigwa picha asubuhi, mchana, na jioni, wazi na umefungwa. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Siku ya majaribio walikuwapo akina mama wa Makunduchi, waliokuja kufanya mazoezi ya ngoma yao. Kiongozi wao, Bi Miza, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, alitazama picha zote, kisha akauliza, "Na sisi wa shamba, chetu kiko wapi? Sisi twasuka mikeka."

Bwana Mundhir akacheka kwa adabu. "Bi Miza, mkeka ni wa kukaliwa. Si wa kutazamwa."

Hapo, mama, nilisikia kitu kikinichoma. Nikasema, "Mimi ninao mmoja, bwana. Uone kwanza." Sijui nilipata wapi ujasiri. Bwana Mundhir alinitazama, akamtazama Bi Miza ambaye alikuwa amejishika kiuno, akasema haya, dakika moja tu, mwisho kabisa, watu wakianza kuondoka.

Mkeka wenyewe unaujua. Ni ule ulionipa siku niliyoondoka, wenye nakshi yako ya macho ya kuku, nyekundu na kijani. Pande tatu ulizipinda. Wa nne uliuacha vivi hivi, nyuzi za ukili zinachungulia, ukaniambia, "Huu nitaupinda siku utakayorudi." Nami kwa ujinga wangu nikacheka, nikawatangazia watu wote pale gatini kwamba sirudi mpaka niwe na kitu cha kuwaonyesha. Miaka saba hiyo. Na wala sikuulalia. Wenzangu wa chumba walikuwa na magodoro, nikaona watanicheka kuwa ni mtu wa shamba, nikaukunja nikausukuma chini ya kitanda. Nilipoutoa kwa ajili ya picha, ule upande usiopindwa ulikuwa umeanza kufumuka. Niliona haya hata mbele ya kitanda changu.

Haya Mwanakombo, umeshacheka. Endelea.

Tuliutundika kwenye kamba ya nguo, mpiga picha wa kamati akaupiga, na slaidi ikatoka safi. Lakini nilifanya kosa. Picha zote za Bwana Mundhir zilikuwa zimelala, maana alitaka baraza za kushoto na kulia mwa mlango zionekane, na mimi nilipima ukuta kwa hizo. Ya mkeka ilikuwa imesimama. Sikufikiri hata kidogo.

Siku yenyewe ilipofika, watu walikuwa wengi mno. Nilikuwa juu ya jukwaa la mbao, mimi na mashine yangu. Mlango wa kwanza walipiga makofi. Wa pili pia. Ulipofika mlango wa babu mara ya sita, watu walikuwa wameshawageukia wauza mishikaki. Ndipo nikatia mkeka wako.

Mama, ukuta wa Ngome uliwaka. Nyekundu yako ilikuwa nyekundu kuliko ulivyoitia chunguni. Kila jicho la kuku lilikuwa kubwa kuliko dirisha. Lakini picha ilikuwa ndefu kuliko ukuta: nusu ilipanda juu yake, na nusu nyingine ikamwagika chini, ikatandaa uwanjani mbele ya watu.

"Hamadi!" Bwana Mundhir akaniita kwa ukelele. "Inua, bwana, inua!"

Nikainua. Nusu ya mkeka ikapotelea angani. Nikashusha tena.

"Basi zima! Watutia aibu mbele ya wageni!"

Sikuzima. Ningependa kusema mkono ulikataa wenyewe, lakini ni mimi niliyekataa. Nilijua akinifukuza siku ile sina tena kazi ya mashine kisiwa kizima. Nikawa nimeshika kile kitufe huku jasho linanitoka.

Pale chini Bi Miza akatoka kwenye kundi lake. Akatembea mpaka mwanga ulipoanzia, akasimama ukingoni, akavua kandambili zake, akaziweka pamoja vizuri, ndipo akakanyaga. Na nyuma yake mama mmoja, na mwingine, wote wa Makunduchi, wanavua na kupanga. Mtu mmoja akakatiza na viatu vyake. Bi Miza akamkemea, "We baba, huoni kama pametandikwa? Vua!"

Yule mtu akavua! Mwanga mtupu, mama, mchanga na majani chini yake, na mtu mzima akavua viatu akaomba radhi. Baada ya hapo wakavua wote. Watu wa Malindi, watu wa Ng'ambo, wazungu na mikoba yao. Wakakaa, wanawake wamenyoosha miguu, wanaume wamekunja, kama wamekuja kwenye shughuli nyumbani kwako.

Bi Miza hakukaa. Alikuwa anaufuata ukingo, ameinama, anaukagua kama unavyofanya wewe. Pande mbili akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika upande wa chini akasimama.

"Mkeka huu wa nani?"

"Naam, bibi! Wangu!" nikajibu huko juu.

"Wako? Kwani wewe wajua kusuka?"

Watu wakacheka. Nikasema kwa sauti yangu yote, "Wa mama yangu! Asha Faki, wa Konde, Pemba!"

"Mama yako mkono anao, mashaallah. Mbona huku hakuupinda? Kachoka?"

Nikamweleza, na uwanja mzima unasikiliza, kuwa ulisema utaupinda nikirudi.

"Na una miaka mingapi hujarudi?"

"Saba."

Akaninyooshea kidole. "Basi mkeka hauna ila. Mwenye ila ni wewe huko juu."

Kicheko kilichotoka pale, nadhani kilifika Mkokotoni. Mimi pia nilicheka, na machozi yakinitiririka, nikashukuru kuwa nimekaa gizani. Kisha Bi Miza akakichukua kipaza sauti bila ya kuomba, akasema, "Kazi hii ni ya Asha Faki wa Konde! Haya, mpigieni!" Vigelegele, mama. Jina lako lilipita juu ya paa za mji mzima, na mimi mwanao nilikuwa hapo, nimesikia kwa masikio yangu.

Na Bwana Mundhir? Alibaki peke yake ukingoni na viatu vyake vya ngozi. Mwisho akavivua, akaja akakaa karibu na Bi Miza, akasema polepole, "Mimi nilisema tangu mwanzo, mkeka ni wa kukaliwa."

"Si ndo umekaa?" Bi Miza akamjibu.

Simfichi sifa yake: siku ya pili na ya tatu ni yeye mwenyewe aliyeamrisha tuanze na mkeka, na jina lako alilitaja yeye, tena kwa lafudhi nzuri. Milango ya babu ikabaki miwili. Ila ile siku ya kwanza viatu vilichanganyika, akarudi nyumbani na kimoja chake na kimoja cha mtu. Siku ya pili akaja na kandambili. Na kamati imenipa kazi ya mashine zao zote, kuanzia mwezi ujao.

Bi Miza amenipa kitita cha ukindu wa kusukia, wa zambarau, rangi yake mwenyewe, anasema haipauki hata uoshwe na maji ya bahari. Amesema nikuambie hivi: anataka kujifunza macho ya kuku, na mwanafunzi hana haraka, lakini mwalimu asiifiche shazia.

Nisalimie ami yangu Shaame, aliyenifundisha kufunga waya wa kwanza na kunipiga kibao nilipoukosea. Nisalimie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, na umwambie bado nasoma. Huyo jirani mwenye mkeka wa tausi naye msalimie, lakini mwelezee kwanza habari ya Ngome, kisha ndiyo salamu. Na Mwanakombo, dada yangu mwenye ulimi, ahsante kwa kusoma.

Mama, nakuja. Barua hii inatangulia, mimi nafuata wiki ijayo na mkeka wangu begani, mchana kweupe, na atakayenicheka pale gatini anicheke. Usinichinjie kuku wala usikope mchele. Chomoa shazia kwenye kuti uifute vumbi, ukindu nauleta mimi. Nikifika nitautandika mkeka barazani, nitavua viatu, nitakaa kwenye upande ule usiopindwa, na siinuki mpaka umalize.

Mwanao,
Hamadi