Nauli ya Hajra

Fukayosi, Bagamoyo
14 Januari 2024

Mwanangu Hajra,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, ila joto limetukalia shingoni tangu vuli ikatike. Wewe najua huko Mbeya umejifunika sweta. Kile kikohozi ulichoondoka nacho baada ya matanga ya mama yako kimekwisha? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Mimi mzima. Ulinishauri niuache uenyekiti wa soko, sijauacha. Nikiuacha nitakaa wapi mchana kutwa? Nyumba imekuwa kubwa kuliko nilivyoijenga. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu hunifunga mdomo. Nikiisikia sauti yako nasahau nilichotaka kusema.

Sasa nilichotaka kusema ni hiki. Diwani amekuja sokoni na habari kubwa. Chuo chenu, hicho hicho unachofundishia, kinataka kufungua tawi la kilimo hapa Fukayosi. Serikali kuu italeta walimu na kujenga madarasa, lakini halmashauri nayo itie mkono: itoe ardhi, ivute maji na umeme, ichangie uendeshaji. Na fedha hizo zitoke wapi? Wanataka kuweka ushuru mdogo juu ya kila kinachouzwa masokoni na madukani, kuanzia mananasi yetu mpaka sabuni ya kipande. Watu tayari wanauita ushuru wa chuo. Utapita kwanza kwenye mikutano ya wafanyabiashara, kisha baraza la madiwani, kisha kwa waziri.

Unanijua. Tangu nishike soko hili sijawahi kukubali ushuru hata mmoja bila vita. Lakini diwani alipotaja mafunzo ya udongo, nikasema moyoni, huo si ndio udongo anaoufundisha mwanangu? Nikanyamaza, watu wakashangaa.

Hajra, ungeweza kufundisha hapa na jioni ukala chakula chako nyumbani kwenu.

Barua hii nampa dereva wa basi linalotoka Tanga kuja Mbeya, pale Msata. Ukiipokea nijulishe.

Ni mimi baba yako,
Mwinyimvua


Mbeya
11 Februari 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, nilikunywa tangawizi mpaka nikaichukia. Mvua huku hainyeshi, inamwagwa. Nimepokea barua yako na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa darasani wanafunzi wakifanya zoezi. Nililiona soko zima, na Bi Blandina kwenye meza yake ya nyanya. Msalimie sana. Sijasahau alivyomwosha mama alipokuwa mgonjwa.

Habari za tawi tumezisikia hata sisi. Ni jambo jema, baba. Lakini nakuomba kitu kimoja. Ukiusimamia ushuru huo, usimamie kwa sababu unaamini chuo kitawafaa watu wa huko. Usifanye kwa ajili yangu. Mambo ya uhamisho yana wenyewe, na mimi sina hakika.

Kula vizuri. Usibebe magunia.

Mwanao,
Hajra


Fukayosi
21 Aprili 2024

Mwanangu Hajra,

Wa alaykum salaam na marahaba. Sikukuu ya Idi ilipita salama, nilialikwa nyumba nne nikaenda moja. Masika yameanza na barabara ya mashambani imekatika. Hujambo? Nimelisoma neno lako, "sina hakika". Hakuna mtu mwenye hakika kabla mambo hayajawa.

Mkutano tumeufanya. Soko lote lilijaa, mpaka wauza mitumba waliacha mizigo yao wazi. Diwani akaeleza, watu wakaguna. Ndipo Blandina akasimama na kitenge chake kiunoni.

"Mwenyekiti," akasema, "ushuru huu ni nauli ya binti yako. Unataka tumlipie arudi."

Watu walicheka, Hajra, halafu wakaacha kucheka wakinitazama. Ningeweza kukana. Nilisema, "Kweli, dada. Nauli ya Hajra imo humo. Nataka mwanangu arudi, sitadanganya mbele yenu. Lakini na nauli za wenu zimo, wasije wakaenda mbali kama wangu."

"Wangu yupi?" akauliza. "Asteria aliishia darasa la saba, yuko hapa pembeni yangu anapanga nyanya. Hatakanyaga chuo hicho hata kufagia. Kila fungu nitakalouza, nitakuwa namsomesha mtoto wa nani?"

Niliongea habari za wanafunzi watakaonunua nyanya, na wataalamu watakaotufundisha kwa nini mananasi ya bonde la chini yanaoza mizizi, na yote ni kweli, lakini alichouliza yeye sicho nilichomjibu mimi. Tulipiga kura kwa mikono. Waliotaka walikuwa wengi. Blandina aliketi, akaendelea kupanga nyanya zake, na tangu siku ile hanisalimii mpaka nianze mimi.

Mama yako angekuwepo angetupatanisha kwa sahani moja ya wali.

Nijibu upesi. Usiniandikie kama unajibu mtihani.

Baba yako,
Mwinyimvua


Mbeya
2 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ni kazi tu zimenizidi, tunasahihisha mitihani. Naomba uniwie radhi kwa kuchelewa.

Umeniumiza na kunifurahisha kwa pamoja. Kusema ukweli mbele ya soko zima! Lakini Bi Blandina ana haki ya kuuliza. Nami naona haya kwamba jina langu lilitajwa namna ile na mimi niko mbali, sikuwepo hata kusema lolote.

Nikipata likizo nitakuja. Tusubiri kwanza tuone.

Mwanao,
Hajra


Fukayosi
15 Septemba 2024

Mwanangu Hajra,

Assalaam alaykum. Hali zetu ni njema, afya ndiyo hii ya kuamka na kushukuru. Likizo ilikuja ikapita, nikajua mitihani imekushika. Umekonda? Herman, yule fundi mwashi jirani, alikwenda Mbeya kwa mazishi, nilimwomba apite kwako, akasema hakukukuta.

Madiwani walipitisha, waziri ametia saini, na ushuru umeanza mwezi huu. Bei zimepanda kidogo, watu wananung'unika kidogo. Ila jambo moja sikulitazamia. Ushuru huu ni wa halmashauri yetu peke yake. Msata iko halmashauri ya Chalinze, kule haupo. Basi kuna wateja wanaopanda basi kwenda kununua Msata, na wachuuzi wanawafuata.

Blandina amehama. Asubuhi moja nilifika nikakuta meza yake imefunuliwa turubai, haina kitu. Asteria alikuwa anafunga kamba za mwisho. Nikamwambia, "Mwambie mama yako asubiri, tuzungumze." Akanijibu kwa adabu, "Mama amekwisha tangulia, baba." Blandina alikaa kwenye meza ile tangu wewe hujajua kutembea, ukishikilia kanga yake. Sasa imekaliwa na kijana anayeuza chaji za simu.

Lakini njoo uone, Hajra! Misingi imechimbwa njia ya kwenda Bagamoyo mjini, matofali yamepangwa marefu kama ukuta wa boma. Kila nikitoka sokoni napita pale kutazama. Mafundi wamekwisha nizoea, wananiuliza, "Mzee, mtoto anakuja lini?" Nawaambia, mwakani.

Ni kweli mwakani?

Baba yako,
Mwinyimvua


Fukayosi
19 Januari 2025

Mwanangu,

Salaam. Nimeandika Septemba, nikamtuma mtu na nyingine Novemba. Kama barua zimepotea, hii isipotee. Mabati yamepanda juu ya kuta za chuo. Watu wa chuo wamesema walimu wa kwanza watachaguliwa miongoni mwenu huko, wenye kupenda. Peleka jina lako mapema.

Nina afya. Niandikie hata mstari mmoja.

Baba


Mbeya
6 Aprili 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini futari za Ramadhani zilikuwa njema na Idi imekukuta mzima. Barua zako zote zimenifikia. Hakuna iliyopotea. Herman pia nilimwona kupitia dirisha, nikajifanya sipo, kwa sababu nilijua swali alilotumwa nalo.

Februari tulikuwa na kikao. Mkuu wa idara akauliza, "Nani yuko tayari kwenda Bagamoyo?" Wote wakanigeukia mimi. Wanajua kwetu. Mmoja akasema kwa utani, "Hajra tayari ameshafunga mizigo." Baba, niliinama nikaanza kukaza kamba za kiatu ambazo hazikulegea, mpaka nikasikia mwingine ametaja jina lake.

Sikatai kwetu. Nakuota huko. Naota harufu ya mananasi yaliyoiva sana kwenye magunia, naamka na mto umelowa. Lakini maisha yangu yamemea huku bila mimi kuyapanda. Nina mashamba ya utafiti niliyoyaanzisha kwa mikono yangu na wakulima wanaonisubiri kila msimu. Na kuna Shamsudin. Ni mwalimu wa sekondari, mtu wa Kilwa aliyekulia huku, mpole, mwenye dini yake. Anataka kuleta posa. Hawezi kuhama, anamtunza mama yake ambaye hatembei. Na mimi sitaki kumwacha.

Nilipaswa kukuambia tangu barua yako ya kwanza. Kila nilipoanza kuandika nilikuona umesimama mbele ya soko ukisema nauli ya Hajra imo humo, nikaweka kalamu chini. Watu wanalipa, Bi Blandina amehama, na mimi siji.

Ukinikasirikia nitaelewa. Ukinyamaza sitaweza.

Mwanao,
Hajra


Fukayosi
16 Novemba 2025

Mwanangu Hajra,

Assalaam alaykum warahmatullah. Hujambo? Mkweo mtarajiwa, yule mama asiyetembea, anaendeleaje? Mimi mzima wa mwili.

Nimenyamaza miezi mingi na uliniomba nisinyamaze. Nisamehe. Niliandika barua ya kwanza kwa hasira nikaichana. Ya pili ilikuwa ya kukubembeleza, hiyo nayo nikaichana, kwa sababu niliona ni mbaya kuliko ya hasira. Halafu sikuwa na ya tatu.

Mwezi Julai nilikwenda Msata. Nilimkuta Blandina amekaa kivulini mwa lori, nyanya zake zimepangwa vile vile kama mnara. Nikaomba fungu. Akasema, "Nunua tu mwenyekiti, bei ya hapa haina chuo ndani yake." Nikalipa. Akaniuliza, "Amerudi?" Nikasema, "Hajarudi. Harudi." Akachukua nyanya nyingine akaniongezea juu ya fungu, akaniongezea tena. Sikumwomba msamaha na yeye hakuomba. Aliniuliza kama napika mwenyewe. Alisema hatarudi Fukayosi, amekwisha pata wateja. Nilipanda basi na mfuko ule mapajani, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulia tangu barua yako.

Chuo kimefunguliwa mwezi huu. Sikwenda kwenye sherehe, nilisema kiuno kinauma. Lakini wanafunzi walipoanza kushuka kwenye mabasi na mabegi yao, sikuweza kukaa. Mabweni hayajakamilika, wanatafuta vyumba kijijini. Mmoja alifika sokoni ananiuliza mimi kwa sababu aliambiwa mimi ndiye mwenyekiti. Msichana mwembamba, anaitwa Katarina, ametoka Tukuyu, huko huko kwenu Mbeya. Anatokwa na jasho kama maji ya bomba na bado kavaa sweta yake kwa haya. Nimempa chumba cha nyuma. Anasali kwa dini yake, mimi naswali kwa yangu. Ananiita babu. Jioni anasoma sebuleni kwa sauti habari za udongo, sielewi nusu yake, namwambia aendelee tu.

Swali la Blandina bado sina jibu lake. Kama ushuru huu ni haki, sijui. Najua kwamba mtoto wa mtu yuko chini ya paa langu na anasoma.

Juzi baba yake Katarina alipiga simu kwangu. Mkulima wa chai, sauti nzito, anatafuta Kiswahili kama mtu anayetafuta njia shambani. Alisalimu sana, akauliza hali ya hewa, mvua, bei za vitu. Nilijua hayo siyo aliyopigia. Mwisho akasema, "Mzee wangu, samahani, huyu mtoto wangu anakula?"

Nikamwambia, "Anakula. Jana kala wali na samaki, kamaliza. Analala mapema. Anacheka."

Nikasikia anapenga kamasi. Akasema, "Asante, baba. Asante sana." Simu ikakatika.

Nilikaa na simu ile mkononi mpaka ikazima taa. Hajra, posa na iletwe, nimeridhika, radhi zangu unazo. Njooni na watu wake, nitawapokea. Ila sina mtu huko wa kumuuliza kama nilivyoulizwa. Basi mpe Shamsudin namba yangu. Mwambie asihangaike na salamu ndefu. Anipigie siku moja moja, aniambie tu kama umekula.

Baba yako akupendaye,
Mwinyimvua