Taya la Pambo

Jumatatu, 3 Machi

Basi leo nimeambiwa. Si kansa. Daktari amerudia mara tatu, si kansa, kama vile anataka nimpigie makofi. Ila ni uvimbe unaokula mfupa taratibu, na ukikwanguliwa tu unarudi. Dawa yake ni kukata taya la chini, sehemu yote iliyoliwa na kidogo cha iliyo nzima. Halafu watajenga jingine kwa mfupa mwembamba wa mguuni kwangu. Mguu utaendelea kutembea, anasema. Haya.

Miaka minne nimejiambia ni jino. Daktari wa meno wa mtaani kwetu aling'oa mawili, uvimbe ukabaki palepale, umekaa kama mwenye nyumba.

Kazini hakuna anayejali sura. Napokea simu za wateja, wananisikia tu. Leo mmoja kaniambia nina sauti ya msichana mrembo. Nimemshukuru, nikamuunganisha na idara ya malalamiko.

Jumanne, 4 Machi

Kuna tatizo. Kwa kawaida wanatazama upande mzima wa taya, wanaunda mwenzake kwa kuufuata. Uvimbe wangu umevuka kidevu, umekamata kulia na kushoto. Hakuna upande wa kuiga. Daktari akauliza kama nina ndugu wa damu ninayefanana naye. Mama akajibu kabla sijafungua mdomo: yupo, mdogo wake, zamani watu walikuwa wanawachanganya.

Zamani.

Kwa hiyo Pambo apigwe skani ya kichwa. Mashine itatoa mfano wa taya lake kwa plastiki, na chuma cha kushikilia mfupa wangu kitakunjwa kwa kuufuata. Nikiamka nitakuwa na taya la Pambo. Jina hilo alipewa na Baba, eti pambo la nyumba. Mimi nilikuwa nani — ufagio?

Naona wivu. Basi, nimeandika. Wivu wa kidevu chake, wa picha zake ukutani kwa Mama (zangu ziliishia nilipofika miaka thelathini na mbili), wa mume wake. Shemeji alianza kuja nyumbani kwa ajili yangu. Hilo halisemwi mezani.

Ijumaa, 7 Machi

Hajaenda. Jumatano alikuwa na mafua. Jana gari liliharibika. Leo simu kapokea shemeji, anasema Pambo amelala. Saa nne asubuhi!

Daktari amesema asipopatikana hadi Alhamisi, atatumia mfano wa jumla ulioko kwenye kompyuta, mengine atakadiria. Huenda meno ya juu na ya chini yasikutane sawasawa. Kutafuna kwa taabu, kusema kwa kitembe. Na sauti ndiyo inayonilisha.

Nimemtumia ujumbe. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena: Umepewa kila kitu, hata mfano wa taya unaninyima? Nikatuma. Hajajibu. Nimejisikia vizuri kama nusu saa hivi.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshinda kwa Mama. Kanichujia supu, maana kutafuna siwezi tena. Nikaanza kumsema Pambo, kijiko mkononi. Mama akawa anafuta meza iliyokuwa safi. Kisha akasema. Pambo ana mimba ya miezi miwili. Ya mwaka juzi ilitoka, na hii wanaishika kama yai. Mwenye mimba hapigwi skani bila sababu.

Nikauliza kwa nini sikuambiwa. Akasema tulikuwa tunasubiri kwanza upone. Nikamkazia macho. Akasema: mwanangu, tuliogopa utakavyoipokea. Kijicho chako hakifichiki.

Kumbe walikaa watatu, Mama, Pambo na shemeji, wakakubaliana kunificha kama mtoto anavyofichwa kisu. Kinachoniuma ni kwamba wamepatia. Furaha haikunijia. Nilichohisi kwanza ni: na hili pia kalipata yeye. Supu ikanishinda.

Mama kaniomba nisimwambie Pambo kwamba najua. Nimekubali. Ule ujumbe wangu umeshasomwa, alama zote mbili zipo.

Jumatano, 12 Machi

Pambo kapiga simu. Anakuja kesho saa tatu, atapigwa skani. Ujumbe hakuutaja. Chochote kile hakutaja. Kaniuliza tu kama nalala vizuri.

Nilikuwa na nafasi ya kusema acha, najua. Nilimwambia asichelewe.

Baadaye nikaanza kujitetea. Labda kamuuliza daktari wake. Labda watamfunika tumbo kwa ile aproni nzito ya kuzuia miale. Labda kichwa ni mbali na tumbo. Nimekuwa mtaalamu, mimi mpokea simu.

Alhamisi, 13 Machi

Naandikia kwenye benchi, nje ya chumba cha skani. Pambo kaja mapema, kavaa gauni pana. Uso umemshuka kidogo lakini mzuri yuleyule, inaudhi. Amenibusu shavu, palepale kwenye uvimbe, mahali ambapo hata Mama hagusi.

Mpiga picha wa skani ni mama mmoja mwenye miwani na makubazi. Kamuuliza kwa sauti ya kawaida kama ana ujauzito, au anahisi anao. Pambo akasema hapana. Kasema huku ananitazama mimi. Akaweka sahihi, akaingia kubadili nguo.

Ni ule ujumbe wangu uliosema hapana. Najua.

Mpiga picha ametoka tena. Wewe ndiye dada mtu? Huyu mwenzio ana uhakika na alichojibu? Kajibu kama anafukuzwa. Angekuwa mgonjwa tungepima faida na hasara, anasema, lakini huyu mzima. Mimba ikiwepo, simpigi. Nimemwambia anisubiri kidogo, naandika. Anadhani najaza fomu.

Nililitaka taya hili kabla hata sijaugua. Nikisema, naondoka na kidevu cha kukadiria, na Pambo atajua kwamba nimejua tangu Jumapili na bado nikamwacha aje. Hilo la pili linaniogopesha zaidi ya la kwanza. Nikinyamaza, baada ya dakika mbili kila kitu kimekwisha na taya ni langu.

Mpiga picha kaangalia saa. Kalamu nimeikaza mpaka kidole kinauma.

Pambo anaita kutoka ndani. Dada, njoo unifunge hii kamba ya kiunoni kwa nyuma, mikono haifiki. Usikaze sana, anasema.