Kushoto kwa Picha

Jumatatu, 5 Septemba 1994

Mselemu karudi kutoka Dar. "Shikamoo dada" yake haisikiki. Mdogo wangu kakonda, shati linaning'inia tu. Huko walimdunga dawa ya mionzi, wakampiga picha ya figo. Mashine inaiangalia dawa ikipita mwilini. Kaja na bahasha: filamu moja, disketi moja. Ripoti itafuata kwa posta. Posta!

Figo moja nyeusi, dawa imejaa, inafanya kazi. Nyingine hafifu kama moshi. Hiyo ndiyo ya kutoa. Lakini ya upande gani? Pembeni hakuna herufi hata moja. Mimi nikisahau kuandika kushoto na kulia kwenye eksirei, Dokta Naftali hunigombeza mbele ya wagonjwa.

Jumatano, 7 Septemba

Disketi haifunguki. Nimempelekea Bhargav dukani kwake, ana kompyuta mpya ya Dubai. Kahangaika mpaka jasho. Anasema kila kiwanda kinahifadhi picha kwa namna yake, makusudi, ili ukinunua kwao usitoke. "Soko huria, dada!" Kacheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu, 12 Septemba

Simu ya Dar haishiki, siku ya tatu sasa. Mselemu ana homa kali. Maumivu mgongo mzima, hawezi kusema ni upande gani. Ultrasound yetu imekufa toka Juni, na hospitali ni ya binafsi, mpya, rangi bado inanuka.

Dokta hataki kungoja posta. Usaha utaingia kwenye damu, anasema. Kanigeukia: Radhia, wewe ndiye mtu wa picha, ipi?

Nikaiweka filamu kwenye taa. Eksirei husomwa kama mgonjwa amekutazama, kulia kwake ni kushoto kwako. Miaka kumi na minne nasoma hivyo. Nikaandika KULIA kando ya ile hafifu, iliyo kushoto kwa picha. Nikamkabidhi Dokta.

Jumanne, 13 Septemba

Wametoa figo ya kulia. Kuluthumu, mkewe, kanikumbatia kwenye korido. "Wifi, bila wewe tungengoja mpaka lini?" Nimekula vizuri leo.

Alhamisi, 15 Septemba

Mfuko wa mkojo mtupu. Toka juzi! Dokta anasema figo iliyobaki imeshtuka tu. Lakini nimemsikia akimwambia Sista Febronia kwamba ile aliyoitoa ilikuwa laini, safi, haina hata doa.

Saa nane barua ikafika. Kaandika Alute, fundi wa picha huko Dar. Figo wao huzipiga kwa nyuma, mgonjwa akiwa amekupa mgongo. Kushoto kwa picha ni kushoto kwa mgonjwa. Mashine yao ya zamani ilikuwa ikiandika herufi yenyewe. Hii ya msaada, ukitoa filamu, herufi zinabaki ndani. Anaomba radhi. Wameshaandika barua nyingi, mashine zote zifuate mpango mmoja. Hakuna anayejibu.

Nimesoma nimesimama. Halafu nimekaa sakafuni.

Nikampa Dokta. Kasoma mara mbili, kakunja. "Wewe umeandika, mimi nimekata. Tunyamaze mpaka mgonjwa afike Dar." Karudisha barua mkononi mwangu, hakutaka ibaki kwake.

Mwoga. Na mimi je? Nilikubali kwa kichwa.

Jumamosi, 17 Septemba

Tairi limepasuka, tumesimama Manyoni. Naandikia gotini. Dar kuna mashine ya kusafisha damu — kama ni nzima. Kuluthumu ndiye aliyeng'ang'ania nije mimi. Wewe ndiye unayeelewa mapicha, wifi.

Uso wa Mselemu umevimba, macho mistari tu. Sasa hivi kayafumbua.

"Dada, wametoa ile mbovu, eh?"

Kuluthumu kamwahi: ndiyo, baba Nasma, tulia. Kisha kanigeukia, nami niseme, apate kuamini.

Wananitazama wote wawili. Dereva anasema bado nati mbili —