Mdiria wa Mtaroni

Mama Nasra mpenzi,

Nakusalimu kutoka kwenye matope ya bonde la mpunga, huku Jadida. Mtaro wetu wa maji ulikaa wazi mwezi mzima tukingoja mabomba. Siku ya kuyalaza tukasikia vilio: mdiria, yule ndege anayevua samaki, kachimba tundu kwenye ukuta wa mtaro na ana makinda! Afisa mazingira akasema hakuna kufukia mpaka yaruke. Wenzangu wakahamishiwa Micheweni, mimi nikaachwa mlinzi. Leo siku ya tisa, mvua haikatiki, na usiku sina wa kusema naye.

Bi Time, mwenye shamba la jirani, huniletea muhogo wa nazi sinia la watu sita, maana haamini kwamba nimebakizwa peke yangu kwa ajili ya ndege. Jana kaniuliza, "Weye walinda ndege, na nani akulindaye weye?" Nikacheka, kisha nikaufunika muhogo uliobaki.

Jioni mdiria huingia tunduni na kidagaa mdomoni. Mimi huingia turubaini mikono mitupu.

Uliniambia kwenye simu Nasra anasimama bila kushika ukuta. Mpakate sana, mke wangu. Asitembee mpaka nije.

Baba Nasra