Ufunguo wa Chumba cha Kompyuta

Nimelikuta daftari langu la miaka ya tisini chini ya sanduku la nguo. Ukurasa huu nauweka hapa kama nilivyouandika.

Alhamisi, Novemba. Mvua tangu asubuhi, na ziwa halionekani kutoka dirishani. Moyo wangu mzito.

Leo nimekwenda Igoma kumwomba mtu aje kufanya kazi kwetu. Miaka kumi na tisa niko ofisi ya utumishi ya kiwanda hiki cha pamba, sijawahi kumfuata mtu nyumbani kwake kwa jambo hilo. Watu ndio waliotufuata sisi. Waliketi kwenye benchi la koridoni na bahasha zao, tukawaambia warudi kesho, wakarudi. Aliyerudi mara tatu tulisema huyo kweli ana nia ya kazi.

Sasa kiwanda kimeuzwa. Mwenye mali mpya ameleta kompyuta nne na amesema wazi: tusipopata fundi wa kuzihudumia kabla mwezi haujaisha, ofisi yetu pamoja na kumbukumbu zake inahamia Dar, na sisi kumi na mmoja tunabaki bila kazi. Kompyuta zenyewe ziko kwenye chumba chenye zulia. Nimezifunika kwa vitambaa vya kufuma nilivyotoa nyumbani kwangu. Haingii mtu na viatu, na asiye mtumishi haingii kabisa.

Sheria hiyo tulijiwekea wenyewe.

Masalu alikuja kuomba kazi hiyo Jumatatu ya wiki iliyopita. Mtu mzima, ana mke na watoto, miaka minne amehudumia kompyuta za hospitali moja ya misheni. Hapa Mwanza watu kama yeye ni wa kuhesabu. Tukamweka kwenye benchi kuanzia saa mbili mpaka saa saba. Alipoingia, tulikuwa watatu nyuma ya meza, na hakuna kati yetu aliyejua hata kuiwasha kompyuta. Basi tukamwuliza tunayoyajua: baba yake ni nani, kijiji gani, barua ya mtendaji wa kata iko wapi. Meneja akampa karatasi na kalamu, akataka kuona mwandiko wake.

Fundi wa kompyuta, tukampima mwandiko.

Akaandika. Kisha akaomba jambo moja, kwa adabu kabisa: azione mashine, ajue zina hali gani. Meneja akacheka kidogo, akamwambia huko wanaingia watumishi, asiwe na haraka. Nami nikaitikia kwa kichwa. Naona aibu kuandika hivyo, lakini niliitikia. Tukamwagiza arudi kesho na vyeti halisi.

Hakurudi. Siku zikapita tukisemezana kwamba fundi huyu ana maringo. Leo asubuhi meneja amekuja mezani kwangu, sauti ya chini, akaniambia mimi ndiye mwenye maneno mazuri, nikamlete.

Nimemkuta barazani akitengeneza redio ya jirani. Mkewe amenipa kiti hata kabla sijasema nilichofuata, akaniletea chai. Nikalikumbuka benchi letu. Nimeeleza yote, hata habari ya sisi kumi na mmoja. Nimemwambia vyeti si lazima tena, aanze Jumatatu. Masalu amenisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ameshakubali kazi kwenye kiwanda cha samaki. Alipita huko siku ileile alipotoka kwetu. Walimpeleka moja kwa moja kwenye kompyuta iliyogoma, wakampa bisibisi, halafu wakamwuliza atahitaji nini ili kazi yake iende vizuri.

Nimemwuliza kama tatizo ni mshahara.

"Mishahara inakaribiana, mama," amesema. "Mimi nilitaka mlango tu. Mngenifungulia siku ile, ningerudi hata mara kumi."

Nimeaga, nikatembea kwenye matope mpaka barabara ya Musoma, mwavuli nimeukumbuka nimeshalowa.

Ufunguo wa chumba kile ninao mimi. Siku ya usaili ulikuwa ndani ya mkoba wangu, mkoba uko mapajani, na mlango uko hatua sita kutoka pale mezani. Nilingoja meneja aseme fungua. Miaka yote hii nimengoja kuambiwa, nikidhani ndiyo utumishi mwema.

Kesho nitaanza na Yunisi, mpiga taipu wetu. Ana watoto wanne, na leo wakati natoka alinishika mkono akasema ananiombea. Ni lazima asikie kwangu. Kisha nitampelekea simu ya maandishi fundi mwingine wa Bukoba, ambaye barua yake tuliiweka kando kwa sababu hakuambatisha picha mbili. Nitamwambia aje bila picha. Labda naye ameshapata kwingine. Zimebaki siku tisa.

Ufunguo uko hapa mezani, karibu na daftari. Akija mtu huyo, akaomba kuziona mashine, na meneja akacheka tena, je, nitainuka?