Sungura wa Fundi Saa

4 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husemi kitu, unakohoa tu kisha unaniuliza kama nimekula. Mimi mzima. Goti je? Na wewe unakula, au ni chai kutwa ukiinamia saa za watu?

Najua ulinuna nilipokuachia yule sungura Jumapili. Ulisema hukuomba mpangaji. Lakini ni wewe uliyesema nyumba imekuwa kimya mno tangu Mama atutoke. Ana miezi minne tu na hajui kuchoka, kwa hiyo nisikilize. Usimkimbize wala usimnyanyue kwa masikio. Mwekee boksi lenye nyasi kavu, na beseni la haja kwenye kona atakayoichagua mwenyewe. Nyaya zote zifiche, maana meno yake hayaogopi umeme. Halafu kaa sakafuni, usimtazame, mwache aje mwenyewe.

Na lile letu nakukumbusha. Tulikubaliana utaendelea kukaa peke yako mpaka Juni, ndipo tuamue. Nikisikia umeanguka tena kama mwaka jana, nafunga nyumba na kukuchukua. Hapo hatutabishana.

Binti yako


9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Goti lipo, kila asubuhi linanisalimia kabla sijatia mguu chini. Nakula. Na huko hotelini, bado wanakufulisha mashuka ya ghorofa tano peke yako?

Mgeni wako alikaa siku mbili chini ya kitanda akipiga mguu sakafuni, du, du, kama mtu aliyefungiwa nje. Hakula. Nikaona huyu atanifia, na wewe utasema nimemuua kwa makusudi. Nikachukua saa yangu ya mfukoni, nikaivisha soksi, nikaitia ndani ya boksi. Nadhani mlio wake aliuona ni moyo wa mama yake, maana asubuhi nilimkuta humo kalala na nyasi kazimaliza. Tangu hapo hatulii. Anaizunguka miguu yangu, anaruka na kujipinda hewani, anatoka jikoni mpaka kwenye meza ya kazi kabla sijamaliza kusema "we". Nimempa jina Sekunde.

Nilikaa sakafuni kama ulivyoagiza. Alikuja akanusa kidole gumba cha mguu. Kuinuka ndiko kulikokuwa na kazi, lakini hiyo ni siri yangu na kiti.

Habari mbaya ni moja. Kile kikombe cha Mama yako, cha maua, kimevunjika. Sekunde huyo.

Baba yako


20 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza salamu zake.

Kikombe cha Mama kimeniuma, sikufichi. Nililia kwenye chumba cha kufulia, na bahati nzuri mle kwa mvuke kila mtu uso umelowa. Lakini kilikuwa kwenye rafu ya juu kabisa, Baba. Alifikaje? Haya, labda ana springi miguuni kweli.

Mistari yako nayo inapanda mlima. Zamani barua zako ungedhani umezipigia rula. Unaumwa? Hapa najisifu kwa kila mtu kwamba baba yangu ana miaka sabini na miwili na bado anatengeneza saa za kike, zile ndogo kama kunguni. Usiniaibishe.

Binti yako


2 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Siumwi. Mistari inapanda kwa sababu Sekunde anarukia meza ninapoandika.

Nakuambia hili kabla jirani yangu mshonaji hajakuambia kwa namna yake. Juzi Sekunde alinipita katikati ya miguu, nikaanguka, nikagonga paji la uso kwenye meza ya kazi. Mshonaji kanifunga kitambaa, si kitu. Tena Sekunde kameza gurudumu la saa ya mwalimu mkuu, na mwenyewe ameichukua saa yake bila kuniaga.

Usije. Ni mtoto tu, atakua, atatulia. Ninapofanya kazi hulala juu ya mguu wangu wa kushoto, nami sithubutu kuusogeza.

Baba yako


8 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimesoma "nikaanguka", nikairudia mara tatu. Paji la uso, Baba! Ungegonga jicho je?

Nimeomba ruhusa kazini nije kukuchukua, kisha nikafikiri tena. Nyumba hiyo ni uhai wako, na aliyekuangusha ni mnyama niliyekuletea mwenyewe. Basi aondoke yeye. Dereva wa hoteli atapita kwako Jumamosi. Mpishi wetu ana ua nyuma ya nyumba yake, amekubali kumchukua. Mfunge kwenye boksi lake.

Kama kuna jambo jingine, niambie kabla ya Jumamosi.

Binti yako


20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii sistahili kuamkiwa. Ukiniuliza hali, si nzuri.

Dereva alikuja. Nilimfunga Sekunde kwa mikono yangu. Hakushindana nami, alidhani ni mchezo, akawa ananusa vidole vyangu kwenye tundu la boksi mpaka gari likaondoka. Nilikuwa na neno la kumwambia dereva akufikishie. Nikalimeza.

Jumapili nikavunja glasi. Jumatatu nikaunguza sufuria. Jumatano nikajikwaa kwenye kiti ambacho kiko palepale miaka thelathini. Kila mara niligeuka kumtafuta wa kumlaumu, na nyumbani hamna mtu.

Binti yangu, sioni vizuri. Jicho la kulia ni ukungu mtupu tangu mwaka jana, na la kushoto linalifuata. Kikombe cha Mama yako nilikiangusha mimi, nikipapasa rafu. Gurudumu la saa ya mwalimu mkuu liko sakafuni mahali fulani, nimelitafuta kwa viganja mpaka nimechoka. Siku niliyoanguka, Sekunde alikuwa amelala kwenye boksi lake. Niliogopa utafunga nyumba, na fundi saa asiyeona ni fundi wa nini? Nikamsingizia asiye na ulimi wa kujitetea. Katika hadithi zote nilizokusimulia ukiwa mdogo, sungura ndiye mjanja. Safari hii mjanja nilikuwa mimi.

Na wewe mwanangu, tangu lini mpishi akapewa sungura amlee? Njoo ufunge nyumba, nitakuja kwako bila neno. Lakini mfuate Sekunde kwanza. Nakuomba.

Baba yako


23 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika kwa herufi kubwa ili usome mwenyewe, usimpelekee mshonaji akusomee. Ndiyo maana bahasha imenenepa. Dereva atakupa mkononi.

Barua yako imenikuta kazini. Niliacha mashuka ndani ya mashine nikakimbilia jikoni. Mpishi alikuwa ananoa kisu. Nilimuuliza sungura yuko wapi, akaendelea kunoa mpaka alipomaliza, ndipo akasema, "Yule? Hafai hata kwa mchuzi."

Alinipeleka kwake. Sekunde alikuwa kajibana nyuma ya gunia la mkaa, mifupa mitupu. Tangu afike alikuwa anadonoa tu, na siku mbili za mwisho hakugusa hata jani, na sungura wasipokula hawachukui muda kufa. Nikamleta kwangu. Saa ya mfukoni sina, nikavua hii ya mkononi uliyonipa nilipoanza kazi, nikaivisha soksi, nikaitia ndani ya boksi. Nikakaa sakafuni. Sikumtazama. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi, nikijiambia nimechelewa. Halafu nikasikia anatafuna. Nililia, Baba, na hapa hapakuwa na mvuke wa kujifichia.

Nami nina langu. Rafu ile naijua ilivyo juu. Mistari niliiona. Lakini nilipendelea kuamini kuwa ni sungura kuliko kukuuliza mara ya pili, kwa sababu ungenijibu ukweli na ningelazimika kutimiza nilichokutishia. Tulimsingizia wote wawili.

Nimeuliza watu. Wanasema huenda ni mtoto wa jicho, na hutolewa. Jumanne tuna zamu kwa daktari. Habari ya nyumba tutaizungumza tukishatoka huko, tukiwa tumekaa, na wewe utasema lako.

Tunakuja Jumapili, mimi na Sekunde. Nitapiga hodi. Uje ufungue mwenyewe, polepole, na ukijikwaa njiani, sema umejikwaa.

Binti yako