Mfarishi Ulioshonwa kwa Mistari

Saluni, chumba cha mbele
Jumatatu, 14 Juni

Mpendwa Kitinda, mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko nywele nilizosuka mwaka huu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na yule binti yenu, meno ya mbele yameshaota au bado anacheka kama bibi kizee? Mara ya mwisho ulisema baridi ya huko inakufuata hadi ndani ya soksi. Pole, baba. Natumaini umenunua soksi nyingine, maana zile ulizoondoka nazo nazijua, vidole vilikuwa vinachungulia.

Sisi huku ni wazima, ila neno hilo "wazima" nimelitumia vibaya kwa wiki kumi na moja. Ndiyo sababu leo nimeshika kalamu badala ya simu. Kaa kitako, usome taratibu. Nakutangulizia mwisho ili moyo usikuruke: Mama yupo, anakula vizuri, na ananigombeza.

Sasa nianze mwanzo. Wiki ile ulipoanza kazi mpya, nilikwambia Mama ameteleza jikoni akaumia kidogo. Hakuteleza. Alikuwa anaosha vikombe, nikasikia kikombe kimevunjika, nikaenda kumtania kwamba ameanza uzee. Nilimkuta ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, ananitazama kama mtu anayetafuta jina langu. Kilikuwa kiharusi. Tulikaa hospitali siku tisa. Tulipotoka, mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelegea, na kusema alikuwa hasemi kabisa. Daktari alituambia anasikia na anaelewa yote, ila njia ya maneno imeziba, na huenda ikafunguka au isifunguke.

Ulipopiga simu Jumapili ile ya kwanza, nilitaka kukwambia, naapa. Lakini ulianza kunieleza kazi, jinsi bosi wako anavyokusifu, na sauti yako ilikuwa na furaha ambayo sikuisikia kwako tangu ulipoondoka. Nikajua nikifungua mdomo utapanda ndege kesho yake na kazi itapotea. Nikasema Mama amelala. Jumapili ya pili amelala. Ya tatu yuko bafuni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu niliirefusha hadi mimi mwenyewe nikaanza kuchoka kuitembea. Tena kuna jambo jingine, nalo sitalificha. Nilihisi kwamba nikitamka kwa sauti, itakuwa kweli.

Halafu ikaja Jumapili ile uliponiambia, "Dada, kama nimemkosea Mama kwa kutokuja mwaka jana, mwombe anisamehe. Nimechoka kuambiwa amelala." Nilikata simu nikakaa kwenye kiti cha wateja, kile kinachozunguka, nikalia hadi mteja aliyekuja kusukwa akanishika bega akaniuliza nani amekufa. Mdogo wangu, Mama hakukukasirikia hata siku moja. Alikuwa kitandani, futi tano tu kutoka kwenye simu, anasikia sauti yako, na hana neno la kukujibu. Kosa ni langu peke yangu.

Basi sasa nikueleze habari ya mfarishi, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Mama alikuwa anasikia baridi wakati wote, hata mchana, lakini blanketi zikimlemea ule mguu anazipiga teke kwa mguu mzima. Muuguzi anayekuja kumfanyisha mazoezi alisema tumtafutie kitu chepesi chenye joto. Mteja wangu mmoja akanionyesha kwenye simu mfarishi wa mito midogo midogo, umejazwa pamba na kutuna kama mikate iliyoumuka. Nikasema huo ndio. Unanijua, mimi kazi yangu ni nywele, cherehani naijua kwa kupunguzia magauni tu. Lakini niliamua.

Kitambaa nilipewa na jirani yetu, fundi wa mapazia. Sisi tunamwita Fundi Kimya kwa sababu hajui kunyamaza. Alinimwagia gunia zima la masalia ya mapazia, mikanda mirefu mirefu ya kila rangi, na hotuba juu yake. Nikaiingiza cherehani chumbani kwa Mama, karibu na dirisha, ili nishone huku nikimwangalia.

Nikaanza. Nakata mraba mkubwa wa juu na mraba mdogo wa chini. Naushona ule mkubwa juu ya mdogo pande tatu, nikikunja marinda ili utune. Najaza pamba, nafunga upande wa nne. Hapo nimepata mto mmoja. Inahitajika mia na ishirini. Kisha niiunganishe mmoja mmoja, safu kwa safu. Mume wangu, yaani shemeji yako, alisimama mlangoni akahesabu kwa vidole akaniambia nitamaliza Mama akiwa ameshapona na kuolewa tena. Nikamjibu haraka haraka haina baraka. Kumbe na polepole nayo ina vichekesho vyake: baada ya wiki tatu nilikuwa na mito thelathini na mmoja, na hakuna miwili inayolingana.

Mama alikuwa ananitazama muda wote huo. Nilidhani anafurahia.

Jumatano moja asubuhi mvua ilinyesha, wateja hawakuja, nikajipa kazi ya kukata. Nilichukua mkanda mrefu wa kijani, nikaukata vipande kumi. Nikasikia kijiko kinagonga ukingo wa kitanda. Nikampa maji, akakataa. Nikamuuliza kama anataka chombo cha haja, akafumba macho kwa hasira. Nikamgeuza mto, nikafungua dirisha, nikalifunga. Kijiko kinagonga tu. Kisha akafungua mdomo, shingo ikamtoka mishipa, akasema:

"Mstari."

Kitinda, mkasi uliniponyoka. Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu mwingine, lakini neno lilikuwa zima. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikadhani anauliza foleni ya wateja, nikamjibu kwamba leo hakuna mstari, saluni tupu, mvua. Akanitazama vile alivyokuwa akitutazama tukivunja sahani. Akanyoosha mkono wa kushoto, akavuta mkanda mwingine mrefu kutoka kwenye gunia, mwekundu, akautandaza juu ya mapaja yake. Akachukua mwembamba kidogo, akauweka chini yake. Akafinya hapa, akafinya pale, akafinya pale, mkanda wa juu ukasimama vilima vilima. Akasema tena, "Shona mstari."

Ndipo nikaona. Nilikuwa nachukua kitambaa kirefu, nakikata vipande, halafu navunja kichwa kuviunganisha tena viwe kirefu.

Njia yake ni hii, na nakuandikia kwa sababu utaihitaji, utaona mbele. Unachukua mkanda wa juu wenye upana wa inchi sita na wa chini wenye upana wa inchi tano. Wa juu unautia alama kila inchi sita, wa chini kila inchi tano. Unakutanisha alama na alama, unashona kukatiza, unapata mifuko kumi iliyoshikana tayari. Ukingo wa chini unaukunja rinda moja katikati ya kila mfuko na kuushona kwa mkupuo mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kunyanyua mguu wa cherehani. Unajaza mifuko yote. Ukingo wa juu nao unaufunga hivyo hivyo. Safu nzima imekwisha, na ndani yake huna kiungo hata kimoja cha kuhangaikia. Safu yangu ya kwanza ilinichukua muda niliokuwa natumia kwa mito miwili.

Nilimuuliza kajifunzia wapi. Jibu nililipata kwa siku nne, neno moja moja, kama mtu anayeokota shanga zilizomwagika. Kiwanda. Makoti. Miaka minne. Mimi na wewe tulijua kwamba kabla ya kuolewa "alikuwa mjini", basi. Kumbe alikuwa anashona makoti ya baridi, yale yenye pamba ndani, kwenye ukumbi wenye cherehani sitini. Nikamuuliza mbona aliacha. Akaninyooshea kidole kifuani. Sikuelewa, nikarudia swali. Akasema, "Wewe. Tumbo." Kiwandani walikuwa hawakai na wanawake wenye mimba. Miaka arobaini na sita namwita Mama, sikuwahi kujua kwamba alikuwa na kazi anayoipenda na akaiacha kwa ajili yangu. Siku hiyo wasiokuwa na maneno tulikuwa wawili.

Tangu hapo kazi tuligawana. Mimi nashona, yeye anajaza. Muuguzi alikuwa amemletea mpira wa kuminya kwa mkono wa kulia, na Mama alikuwa anautupa chini ya kitanda kila akiletewa. Pamba hakuitupa. Kwanza alijaza kwa kushoto. Kisha akaanza kuulazimisha mkono wa kulia ushike mdomo wa mfuko usijifunge. Wiki ya pili vidole viwili vikaanza kushika vyenyewe. Muuguzi alipoona akaandika kwenye daftari lake, akaniuliza nani amebuni zoezi hilo. Nikasema fundi wa kiwandani.

Na maneno yakaongezeka. "Jaza." "Bado." "Nyoosha." Lakini neno alilolipenda kuliko yote ni "Fumua." Safu ya tano niliijaza kupita kiasi, nikijidai, ikatuna hadi sindano ikavunjika. Akaitazama, akasema, "Fumua." Nikafumua. Safu ya nane mshono ulikwenda kombo nusu inchi, nikatumaini hataona. Akaona. Shemeji yako alikuja kuchungulia siku hiyo na shati lake jipya lenye kola iliyokaa vibaya. Mama akamtazama kutoka juu hadi chini, nikajua linalokuja. Alivua shati mwenyewe kabla hajaambiwa.

Ijumaa tulifunga safu ya kumi na mbili, tukaziunganisha zote. Fundi Kimya akatupa kitambaa cha bitana ya upande wa chini na akaja kushikilia ncha tulipokuwa tunamalizia pindo. Mama alipofunikwa alipitisha mkono wa kulia juu ya ile mito, mmoja mmoja, safu moja yote. Mguu hakuupiga teke. Fundi Kimya alisimama pale, na nakuapia, hakusema kitu.

Nilifikiri angetaka tukutumie wewe, mtu wa baridi. Nikamuuliza. Akauvuta hadi kidevuni akasema, "Wangu. Ashone wake." Kwa hiyo kwenye kifurushi hiki utakuta mikanda ishirini na nne, kumi na miwili ya juu na kumi na miwili ya chini, imekatwa na kutiwa alama kwa chaki. Alama za safu tatu za mwisho amezitia Mama mwenyewe, ndiyo maana zinatetemeka. Zifuate hivyo hivyo. Pamba tafuta huko. Wifi yangu akusaidie kujaza, na yule binti pia. Usijaze kupita kiasi. Ukikosea, unajua utakachoambiwa.

Barua hii nimemsomea Mama leo alasiri, yote hadi hapo juu, pamoja na sehemu ya uongo wangu. Nilipofika pale uliposema nimwombe akusamehe, aliinua mkono nikanyamaza. Alikaa muda mrefu akitazama dirishani. Nilidhani analia, lakini alikuwa anapanga maneno, kwa sababu yalitoka kwa mpangilio, matano, ambayo ndiyo mengi zaidi tangu aanguke:

"Jumapili, simu nipe mimi mwenyewe."

Basi Jumapili ya kwanza ukishapata barua hii, piga kama kawaida. Akipokea usimkimbilie. Anachelewa kati ya neno na neno, na ukimjazia neno anakasirika. Mngoje tu.

Nami niwie radhi, mdogo wangu. Nilitaka kukukinga, nikakuumiza. Ukiwa na hasira niandikie, nitaisoma yote, nimestahili.

Shemeji yako anakusalimu, na shati limeshanyooshwa. Shangazi anakusalimu, yeye nilimkataza asikwambie, usimlaumu. Fundi Kimya anakusalimu kwa kirefu, nimefupisha. Mbusu binti kwa niaba yetu, na wifi yangu umwambie namshukuru kwa kukutunza.

Mungu akulinde uendako na urudiko, akupe kazi yenye heshima na usingizi wenye joto, na atukutanishe tukiwa wote bado tunaweza kuketi meza moja na kuchekana.

Ni mimi nikupendaye, hata pale nilipokosea,

Dada yako